Mabaharia wa Nchi Kavu

Nilipopigiwa simu kwamba Mama Zuhura wa Newala ametutoka, nilikuwa dukani kwangu Masasi nikimpimia mteja sukari, na kitu cha kwanza kilichonitoka ni kicheko. Mteja alinitazama kama mwehu. Haikuwa dharau, Mungu ni shahidi. Yule mama hajapata kunijia akilini bila kunichekesha, na kichwa changu kilikuwa hakijapata muda wa kuelewa kwamba safari hii habari yake ni ya msiba. Kilio kilikuja baadaye, ndani ya gari la kupanda Newala, na kilikuja kwa fujo mpaka dada niliyekaa naye akanipa upande wa kanga yake nijifute. Msibani nilipewa nafasi mkekani kati ya wanawake waliokuwa wakichambua mchele. Hapo ndipo mjukuu mmoja wa marehemu, kijana mwenye simu kubwa mkononi, alipochutama mbele yangu. "Shikamoo Bibi Tekla." "Marahaba, baba." "Eti ni kweli hapa Newala mlikuwa na nahodha?" Wanawake wote wakacheka, na mimi nikamwambia ndiyo, tulikuwa na nahodha, na mabaharia tulikuwa nao, isipokuwa bahari tu ndiyo hatukuwa nayo. Alidhani namtania. Nilimsimulia robo tu ya habari yenyewe, kwa kuwa msiba una shughuli zake, na tangu siku ile hiyo robo tatu iliyobaki haijaniacha nilale vizuri.

Mwaka wa habari yenyewe nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Nilitoka Chiwata na begi moja kwenda Newala kufundisha watoto wa chekechea, malipo yakiwa chakula na mahali pa kulala. Mahali pa kulala palikuwa chumba cha uani kwa Mama Zuhura, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa, aliyekuwa akiuza chai, maandazi na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa watu wa gulioni. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la ubao lisilofunga vizuri, na machela iliyosimamishwa ukutani. Alinionyesha vyote vitatu kwa mpigo mmoja. "Kitanda chako hiki, dirisha lako hili, na huyo aliyesimama pale ni mwenzako. Hakoromi. Lakini akiitwa anatoka, na wewe utampisha." Ilikuwa miti miwili mirefu ya mianzi, turubai lililoshonwa katikati, na mikanda ya mpira wa tairi ya kuvaa begani. Ilinuka jasho, dawa ya vidonda na moshi. Wiki ya kwanza nilikuwa nikilala nimeipa mgongo, maana nilijua wengine waliopanda juu yake hawakushuka wazima. Baadaye niliizoea, nikawa natundika gauni langu la kanisani kwenye ncha ya mti mmojawapo.

Anayeifahamu Newala hahitaji kuambiwa machela ni ya nini. Mji umekaa juu kabisa ya uwanda, na ukifika ukingoni ardhi inakatika ghafla, unaona bonde la Ruvuma limelala chini huko na vijiji vyake na mashamba ya mpunga. Hospitali iko juu. Aliyeumwa na nyoka bondeni, aliyeanguka na ndoo ya maji mteremkoni, mama aliyeshikwa na uchungu, wote dawa yao ilikuwa juu, na njia ilikuwa ya miguu tu, imesimama kama ukuta. Zamani mgonjwa alibebwa kwenye blanketi, watu wanne wameshika ncha. Baba Fadhili, fundi seremala, alimpoteza mdogo wake ndani ya blanketi la namna hiyo. Alipotoka mazikoni aliingia karakanani kwake, akatengeneza machela, akazunguka nyumba kwa nyumba kutafuta wanaume wa kuibeba bila malipo. Aliwapata. Hivyo ndivyo kikundi kilivyoanza, na yeye akawa mwenyekiti.

Katiba ndiyo iliyotupatia nahodha. Kikundi kilitakiwa kuandikishwa, na hakuna aliyejua katiba inaandikwaje. Mhazini wetu, ambaye sote tulimwita Mwalimu, alikuwa na shemeji yake pwani katika chama cha kujitolea cha kuokoa watu wanaozama baharini. Shemeji akatuma katiba yao. Mwalimu akaketi kuinakili, kila penye "bahari" aandike "mteremko," kila penye "chombo" aandike "machela." Kurasa za mwanzo alifanya kazi nzuri. Halafu, nadhani, alichoka, au taa iliishiwa mafuta. Kwa hiyo sisi watu wa Newala, ambao mwaka ule tulikuwa tukinunua maji ya kunywa kwa ndoo, tulijikuta tuna katiba inayosema kiongozi wa msafara ni nahodha, wabebaji ni mabaharia, na kwamba hakuna atakayeshuka mteremko bila kujua kuogelea. Watu walicheka mpaka wakaipenda. Walipogundua kwamba mimi nina mwandiko unaosomeka walinifanya katibu, kwa hiyo niliisoma katiba ile mara nyingi kuliko mtu yeyote. Ninawaambia hivi nikiwa mtu mzima niliyepita katika vyama vya akina mama, vya mikopo, vya kanisa na vya kuzikana: sijaona iliyo bora kuliko ile. Ilisema anayeshika fedha haendi kuokoa, na anayekwenda kuokoa hashiki fedha. Ilisema viongozi wachaguliwe kila mwaka mbele ya watu wote, na hakuna wa kulipwa, hata mwenyekiti. Ilisema mkiwa njiani neno la nahodha liko juu ya neno la mwenyekiti. Na ilikuwa na kifungu kifupi ambacho wale watu wa pwani, sijui waliona nini huko kwao mpaka wakakiandika: hakuna mtu atakayeulizwa jambo lolote kabla ya kuokolewa.

Chama cha pwani kilichangiwa na wenye vyombo. Sisi wenye vyombo hatukuwa nao, ila tulikuwa na mikorosho. Ikakubaliwa kila nyumba itoe mkorosho mmoja, ufungwe kitambaa chekundu, na korosho zitakazodondoka chini yake ziwe za machela. Ziuzwe pamoja na nyingine kwenye chama cha msingi, fedha zije kwa Mwalimu. Wazo zuri kabisa. Kosa letu lilikuwa kumwachia kila mtu afunge kitambaa mwenyewe. Nilipopita mashambani msimu ule nilitaka kulia. Vitambaa vilikuwa vinapepea kwenye mikorosho mizee, mingine imekufa upande mmoja, mingine imeliwa na ugonjwa wa ubwiriunga mpaka maua yamekuwa kama yamepakwa majivu. Na wakati wa kupuliza salfa, dawa ya ugonjwa huo, mwenye shamba alipuliza mti huu, akapuliza ule, akifika kwenye wenye kitambaa anaupita. Si kwa ubaya. Kila mtu alitoa mti ambao angeweza kuukosa. Korosho za machela zilipoanikwa uani kwa Mama Zuhura, kuku wake walizitazama wakaondoka.

Rafiki yangu wa mwaka ule alikuwa Somoe. Alikuwa mwanamke wa bondeni, umri kama wangu, mke wa kijana mmoja mpole aitwaye Issa. Siku za gulio alipanda na mchele kichwani, akauza, na jua likimchwea analala chumbani kwangu, sisi wawili kitandani na machela ukutani. Alipenda chai yenye tangawizi mpaka ikawa inawasha, na alikuwa na mazoea ya kunisemesha nikiwa nimeshasinzia. Mimba yake ya kwanza iliharibikia njiani, kabla kikundi hakijakuwapo. Walimbeba kwenye blanketi na hawakufika. Mwaka huo alikuwa mjamzito tena. Aliponiambia hakutabasamu. Aliigusa ile mikanda ya tairi, akaivuta kupima kama imara, kisha akasema, "Safari hii nina usafiri." Nilijisikia fahari kama vile mimi ndiye niliyeitengeneza.

Ukuta wa chumba changu ulikuwa wa udongo, na upande wa pili ndiko kamati ilikokutana. Jioni moja mwanzoni mwa mwaka, korosho zikiwa zimeshauzwa, Somoe na mimi tulikuwa chumbani tunakula ugali wa muhogo na kisamvu, naye miguu imevimba ameiweka juu ya begi langu. Tukasikia sauti ya Baba Fadhili. Haikuwa ya hasira, ilikuwa imechoka. "Mwalimu, turubai limechanika. Mikanda imekatika miwili. Vijana wanarudi na mgonjwa wamelowa jasho, hatuna hata sukari ya kuwapa chai. Nimetoa mbao zangu, nimetoa misumari yangu, mke wangu hasemi nami. Na wanaobebwa ni nani? Ni watu wa bondeni. Hawana mikorosho, hawajatoa hata korosho moja." Mwalimu akakohoa. "Sasa tufanyeje, Mwenyekiti?" "Tupeleke mkutanoni. Asiyechangia habebwi." "Katiba inasema hakuna atakayeulizwa..." "Hiyo ni ya baharini," alisema Baba Fadhili. "Baharini mtu anayezama hana muda wa kuulizwa. Huku nchi kavu muda upo." Niliacha kutafuna. Somoe alikuwa ameshika tonge halijafika mdomoni. Alilirudisha sahanani taratibu, akafuta vidole, akasema, "Mimi nitajifungua wakati wa kuvuna mpunga, Tekla." Hakuniomba chochote, na afadhali angeniomba. Nililala nimejaa hasira kwa yule mzee, na sasa najua hakustahili hata nusu yake. Alikuwa anazungumza kweli tupu. Kikundi kilikuwa kinakufa mikononi mwake, na yeye ndiye aliyekizaa.

Mkutano mkuu ulifanyika uani. Machela ilitolewa chumbani, ikalazwa katikati ili watu waione ilivyochakaa, na Baba Fadhili akasema maneno yake vizuri, bila kumtukana mtu. Niliona vichwa vinaitikia. Mimi katibu nilisimama nikasoma kile kifungu, nikaketi, na mtu mmoja akasema kwa upole kabisa, "Ahsante binti, lakini kifungu hakishoni turubai." Watu wakaguna kukubali. Baba Fadhili akauliza nani anaafiki, na mikono ikaanza kunyanyuka. Hapo Mama Zuhura, aliyekuwa jikoni na birika, alitokea akijifuta mikono, akapita katikati ya watu, akavua ndala, akajilaza chali juu ya machela. Akapiga mwayo. Kisha akasema, "Haya Mwenyekiti. Niulize. Si muda upo?"

Lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi utani wanaujua kwa juu juu. Ukoo wa Mama Zuhura na ukoo wa Baba Fadhili walikuwa watani. Mtani wako anaweza kukuchukulia kuku, kukuita majina, na siku ya msiba wako akalala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Na huwezi kukasirika. Aibu itakuwa yako, si yake. Kwa hiyo uani pote palilipuka kicheko, na Baba Fadhili akabaki amesimama, uso unataka kukunjamana na hauruhusiwi. "Mama Zuhura, toka hapo, tuna mkutano." "Sitoki. Hii machela si ya waliochangia? Mimi nimechangia, ninyi wote mmejaza matumbo ming'oko yangu. Nataka kubebwa." Wakamwahidi sukari, akaikataa. Akaahidiwa kuku, akauliza kama ni yule mwenye kideri. "Nataka kupelekwa bondeni nikale wali kwa Somoe," alisema. "Na sitaki mabaharia, hao wamechoka. Nataka kubebwa na kamati." Sasa kamati, kwa mujibu wa katiba, ilikuwa haijawahi kubeba mtu. Wanaume walitazamana. Mwishowe Baba Fadhili, akijitahidi kucheka kama desturi inavyomtaka, alivaa mkanda wa mbele. Mwalimu akavaa wa nyuma, wajumbe wawili wakashika upande wa pili, na mimi nikabeba ndala za mgonjwa.

Nimecheka mara nyingi maishani lakini si kama siku ile. Mama Zuhura alikuwa na uzito wake, na mvua ilikuwa imenyesha. Kila hatua alikuwa anauliza. "Mwenyekiti, jina langu nani? Nina mikorosho mingapi? Mbona huniulizi, baba?" Baba Fadhili alikuwa anahema, jasho limemjaa machoni, hawezi kujibu hata neno. Tulipofika penye mteremko mkali wa kwanza nilijiandaa kuwaona wote wakibingirika, kumbe pale chini ya miguu palikuwa na ngazi. Mtu alikuwa amechimba ngazi ardhini, akaziwekea magogo. Mbele kidogo palikuwa na mawe yaliyopangwa kuzuia mmomonyoko, na penye kona mbaya palikuwa na mti wa kujishikia, umefungwa kwa kamba mpya. Mwalimu akasema, "Serikali imefanya kazi." Tukakata kona, na serikali yenyewe tukaikuta: wanaume na wanawake wa bondeni, majembe mikononi, matope mpaka magotini, wanazibua mfereji uliokuwa unataka kuimeza njia. Issa alikuwa miongoni mwao. Walipomwona Mama Zuhura amelala juu ya machela walitupa majembe, wakakimbia kumpokea, wakadhani anakufa. Hakuna aliyeuliza kitu. Walikuwa wameshaingiza mabega chini ya miti kabla hajawaambia kwamba yu mzima na ana njaa.

Nyumbani kwa Somoe tulikula wali wa mpunga wa akiba na samaki wa mto kwa mlenda. Baada ya kula Baba Fadhili aliuliza, akitazama sahani yake, "Njia ile mnaitengeneza tangu lini?" Issa akajibu kwa heshima, mikono magotini, "Tangu machela ianze, baba. Kila mvua ikiisha tunakwenda." "Na mbona hamkusema?" Issa akatazama wenzake. "Tuliona aibu kuja mkutanoni. Hatuna mkorosho, baba. Tulisikia mchango ni mkorosho." Mwalimu akasema mabaharia wetu nao walidhani ni kazi ya serikali, hawakuona sababu ya kuitaja. Basi kile kifungu kizuri cha kutenganisha wanaoshika fedha na wanaookoa, ambacho bado nakipenda, ndicho kilichotuzuia kuona. Kamati ilijua korosho, vijana walijua mteremko, na hapakuwa na wa kuviweka pamoja. Nilimwona Baba Fadhili anajipangusa uso na mkono mzima, kama mtu aliyeamshwa. Tulipopanda, Mama Zuhura alipanda kwa miguu yake, akisema amepona.

Mkutano uliofuata watu wa bondeni waliitwa, nao wakaja. Baba Fadhili aliondoa hoja yake mwenyewe, mbele ya wote, akisema tu kwamba alikuwa hajashuka bondeni kujionea. Ikakubaliwa bonde litoe njia na mabega: wao wabebe mpaka pale katikati penye mwamba, na wa juu wapokee kutoka pale. Wajumbe wawili wa bondeni wakaingia kwenye kamati. Kuhusu mikorosho, Mama Zuhura alitoa hoja na hakuna aliyethubutu kuipinga: kuanzia msimu ujao kitambaa hakifungwi na mwenye shamba, kinafungwa na mtani wake. Mungu wangu. Mlipaswa kuona watani walivyopita mashambani, wakipapasa mashina, wakitafuta mti mnene kuliko yote, mwenye shamba nyuma yao anasihi, anacheka, anataka kulia. Na mti ukishachaguliwa na mtani huwezi kuunyima salfa, maana atarudi kukagua. Fedha za msimu ule zilinunua turubai jipya na machela ya pili. Mpaka leo vitambaa hufungwa hivyo hivyo.

Lakini kabla ya msimu huo kulikuwa na Somoe. Asubuhi moja ya wakati wa mavuno ya mpunga tulisikia ngoma ya bondeni, ule mdundo wa kuita machela. Mabaharia walinyakua machela chumbani kwangu nikiwa bado nafunga kanga, na nikawafuata mpaka kwenye mwamba nikiwa sina hata viatu. Watu wa bondeni walishafika, wamembeba kwenye kitanda walichokitengeneza kwa miti. Walikuwa wengi kuliko waliohitajika, wengine wametoka shambani na miundu viunoni. Somoe aliponiona alinishika mkono akaubana mpaka pete ikanikata. "Imefika," alisema, na sikuelewa kama anaisema machela au mimba. Walihamisha bila kelele. Niliwatazama wakipokezana bega kwa bega, wa juu na wa chini, nikaogopa sana, na wakati huohuo nikafurahi sana, na sijui mtu anawezaje kubeba vyote viwili kwa pamoja lakini mimi nilivibeba mpaka mlangoni mwa hospitali. Adhuhuri haijaingia muuguzi alitoka akasema ni mtoto wa kike, na mama yake anataka chai yenye tangawizi.

Issa alikuwa amebaki nyuma kukusanya vitu vya mkewe vya hospitali. Alifika hospitali mchana, amevaa shati safi, kuku kwapani, na fuko la mchele begani, akamtafuta Baba Fadhili barazani kabla hata ya kuuliza mkewe yuko wapi. Akapiga goti. "Baba, ni kidogo, lakini ni mchango wangu." Baba Fadhili alimtazama yule kuku, akamtazama Issa. Kabla hajajibu, ngoma ya bondeni ilisikika tena. Mtu mwingine, kijiji kingine. Mabaharia wetu walikuwa wamelala sakafuni barazani, wameishiwa nguvu. Baba Fadhili alichukua kuku na mchele akanikabidhi mimi nipeleke jikoni apikiwe Somoe, kisha akavua mkanda wa tairi kwenye machela akamvisha Issa kwa mikono yake. "Mkeo mzima, mwanao mzima," alimwambia. "Mchango wako uko huko chini. Twende, mimi nashika wa nyuma." Niliona Issa anatazama mlango wa wodi, mara moja tu. Halafu akainama, akashika mti.

Alirudi jua likielekea kuzama. Alikuwa amembeba bibi ambaye hakumjua na ambaye mpaka leo hamjui, na bibi huyo alipona. Muuguzi alimwambia anawe, akanawa, akasimama mlangoni na shati lililokuwa safi mchana. Somoe akamnyooshea mtoto. Issa alinyanyua mkono wa kulia kumpokea, akauma meno, ukakataa kupanda. Bega lilikuwa limevimba mpaka shingoni. Basi akampokea kwa wa kushoto.